Mashine ya moshi ya mtumba: anza na joto, pampu baadaye

Muuza mtumba akikuambia mashine ya moshi "inawaka", amini kwamba taa ya swichi inawaka. Zaidi ya hapo hajakuahidi kitu. Taa ile inaonyesha tu kwamba umeme umevuka swichi, na kutoka hapo hadi bibi harusi aingie ukumbini akiwa amezungukwa na wingu bado kuna kazi. Hita ipate umeme, bloku ya alumini inayopashwa ishike joto la kutosha, thamostati (swichi inayofuata joto) iridhike, pampu iruhusiwe kufanya kazi, kisha maji ya moshi yapite kwenye kibomba chembamba kuliko unavyodhani. Popote patakapokwama, mteja ataleta lalamiko lilelile: haitoi moshi.

Mafundi wengi wakiletewa mashine hii hukimbilia pampu. Wanaeleweka, maana pampu ndiyo inayolia. Lakini huko ni kuanzia mwisho wa mnyororo. Pampu ya mashine hizi haipewi umeme mpaka joto liwe tayari, kwa hiyo ubovu wa joto hujifanya ubovu wa pampu, na mtu ananunua pampu mpya kisha anaifunga kwenye mashine ambayo bado haitoi kitu.

Kinachofanyika ndani

Ukifungua mashine ya kawaida ya ukumbini, ya kati ya wati 400 na 1,500, utakuta tangi, mrija wenye chujio mwishoni, pampu ndogo, na bloku ya alumini iliyofungwa kwa pamba ya kioo. Bloku hiyo iliposubiwa kiwandani ilizikwa vitu viwili tumboni mwake: koili ya kupasha joto, na kibomba cha chuma kilichozungushwa. Maji ya moshi husukumwa ndani ya kibomba, hugeuka mvuke, hutanuka na kufyatuka kupitia tundu la mbele. Ukikutana na hewa ya ukumbini, mvuke huo hupoa ghafla na kuwa matone madogo mno yanayoelea. Hakuna kitu kinachoungua. Ukisikia harufu ya kuungua, kuna jambo haliko sawa, na nitalirudia.

Maji ya moshi ni maji yaliyosafishwa yaliyochanganywa na vimiminika vya jamii ya glaikoli, au glisirini. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, propilini glaikoli kwenye 188, traietilini glaikoli kwenye 285. Ndiyo sababu bloku hufanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 200 au zaidi, na ndiyo sababu inabaki ya kuunguza muda mrefu baada ya kuchomoa plagi. Usiiguse kwa kubahatisha.

Hapa pana hesabu ambayo ingewaokoa watu wengi na safari za kwa fundi. Gramu moja ya maji yaliyo kwenye joto la chumba huhitaji takriban jouli 2,570 ili iwe mvuke. Hita ya wati 1,000 inatoa jouli 1,000 kila sekunde, kwa hiyo kwa nguvu zake yenyewe haifikishi hata nusu gramu kwa sekunde. Pampu inasukuma zaidi ya hapo. Tofauti inalipwa na joto lililowekwa akiba kwenye alumini: bloku ya kilo moja ikishuka nyuzi 40 inatoa jouli 36,000 hivi, zinazotosha gramu 14 za maji. Akiba ikiisha, thamostati inaifungia pampu na mashine inaanza kupasha upya.

Kwa hiyo mashine inayotoa moshi mzito kwa nusu dakika kisha ikanyamaza dakika moja au mbili ni nzima. Imechoka tu. DJ anayebonyeza rimoti mfululizo tangu mlango ukifunguliwa mpaka maharusi wanafika jukwaani anataka kitu ambacho mashine ya wati 400 haina. Atafute kubwa zaidi, au abonyeze kwa vipande.

Kabla ya kuchomeka ukutani

Mtumba unatoka popote. Mashine iliyotumika Ujerumani au Uingereza imezoea volti 230, kama za kwetu. Iliyotoka Marekani imezoea 120 na iliyotoka Japani 100. Soma kibati kilicho nyuma au chini ya mashine kabla ya jambo lolote, hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba ameijaribu.

Sababu ni kwamba nguvu ya hita haiongezeki sambamba na volti, inaongezeka kwa mraba wake. Hita ya wati 1,000 iliyotengenezewa volti 120, ukiichomeka kwenye 230, inajaribu kuvuta karibu wati 3,700. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi ya miguu mitatu inabeba wati 2,990 kwa volti hizo, kwa hiyo ukiwa na bahati sana huenda ikakatika yenyewe. Ukiwa huna bahati, kuna mtu alishaitoa fyuzi hiyo na kuweka kipande cha waya. Hita ndogo ya wati 400 ni mbaya zaidi, kwa sababu inapanda hadi wati 1,470 na fyuzi ya plagi haishtuki hata kidogo. Inayokatika ni fyuzi ya joto iliyo kwenye bloku, na mashine iliyokuwa nzima inakufa siku ya kwanza kufika nyumbani.

Mashine ya volti 120 inaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha umeme, mradi transfoma ina uwezo unaozidi wati za mashine. Kwa mashine ya wati 1,000 sitegemei transfoma ya chini ya VA (volti mara ampea) 1,500. Transfoma haibadilishi mzunguko wa umeme, lakini. Pampu iliyozoea mapigo 60 kwa sekunde itapiga 50, itasukuma kidogo pungufu na koili yake itapata moto zaidi. Hita haijali. Kwa bei ya transfoma kubwa na uzito wake wa kubeba kila wikendi, mimi ningeiacha mashine hiyo sokoni.

Volti pungufu nazo zina mchezo wake. Ukumbi ulio mwisho wa laini, au jenereta iliyobebeshwa spika, taa na friji za vinywaji, au ekstensheni ndefu ya waya mwembamba, vinaweza kukushushia umeme hadi volti 180. Hapo hita ya wati 1,500 inafanya kazi ya wati 920 tu. Mashine itachelewa kuwa tayari, itatoa moshi mfupi, na mwenye nayo ataapa kwamba nyumbani ilikuwa inafanya kazi vizuri. Anasema kweli.

Kisha plagi. Mashine nyingi za Ulaya huja na plagi ya mviringo ya miguu miwili, ambayo ethi yake (njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini) ni vibati vya pembeni. Watu wanachukua kijiti au kalamu, wanafungua tundu la juu la soketi yetu, wanaisukuma ndani na umeme unapita. Ethi haipiti. Una kasha la chuma lenye maji ndani, hita inayozeeka, na mtu anayelishika kwa mikono yenye jasho. Badilisha plagi, weka ya miguu mitatu, na hakikisha waya wa kijani na njano umefungwa kwenye chuma cha kasha. Ni kazi ndogo na haina mjadala.

Isikilize kwanza

Mashine ikiwa ya baridi, jaza tangi kidogo, iweke mahali penye hewa, elekeza tundu kusiko na mtu, kisha washa na ukae kimya. Zima muziki. Ndogo huhitaji dakika chache, kubwa huweza kufika dakika kumi. Unasubiri mlio mdogo wa "tik" kutoka kwenye thamostati, na taa ya rimoti kuwaka. Ukibonyeza, unasubiri mtetemo wa pampu. Pampu inayovuta hewa hulia kwa ukali na ukavu. Ikipata maji sauti huzama na kuwa nzito.

Milio hiyo miwili inagawa kazi yote. Kama hakuna "tik" wala taa, tatizo liko kwenye joto, na usiguse pampu. Kama "tik" imelia na taa imewaka lakini pampu kimya, angalia rimoti, nyaya zake, kisha koili ya pampu. Pampu ikilia sauti kali na hakuna kinachotoka, haivuti: tangi, mrija, chujio, au pistoni iliyoganda. Ikilia sauti nzito iliyobanwa na moshi ukatoka kiduchu, njia ya bloku imeziba. Na kama badala ya moshi inatema matone ya moto sakafuni, majimaji ni mengi kuliko joto lililopo, ama kwa sababu umeme ni mdogo, ama thamostati inaruhusu pampu mapema, ama mtu ameongeza maji ya bomba kwenye tangi ili "yafike mpaka mwisho wa sherehe".

Upande wa joto

Chomoa plagi. Si kuzima swichi, ni kuchomoa, kisha subiri bloku ipoe. Vaa glavu ukishika pamba ya kioo, inawasha ngozi kwa siku nzima.

Anza na fyuzi ya nyuma ya mashine na ile ya kwenye plagi, kwa sababu ni za bure kukagua. Zikiwa nzima, pima hita kwa mita upande wa omu (ukinzani). Thamani unayoitegemea inapatikana kirahisi: volti mara volti, gawa kwa wati. Kwa volti 230, hita ya wati 400 inapaswa kuwa karibu omu 132, ya wati 1,000 karibu omu 53, ya wati 1,500 karibu omu 35. Ikitofautiana kidogo si neno. Mita isiposoma kitu kabisa, usihukumu bado, kwa sababu mara nyingi umepima mstari mzima ukiwemo vizuizi viwili vilivyo kwenye mfululizo na hita. Pima kila kimoja peke yake.

Kizuizi cha kwanza ni thamostati, kikopo cha mviringo chenye skrubu mbili kilichobanwa kwenye bloku, na juu yake pameandikwa nyuzi zake. Ile ya hita, ikiwa ya baridi, inapaswa kupitisha umeme, mita isome karibu sifuri. Isipopitisha, imekufa. Lakini kuna kifo kingine kibaya zaidi: migusano yake kuungana kwa cheche za miaka mingi, ikawa haiachii tena. Mashine ya namna hiyo haitoi "tik", inaendelea kupanda joto, na hapo ndipo kizuizi cha pili kinapopata kazi.

Kizuizi cha pili ni fyuzi ya joto, kidubwana cha chuma chenye umbo la risasi ndogo, kilichofichwa ndani ya soksi ya kioo na kubanwa kwenye bloku. Inakatika mara moja tu, haijirudishi. Ukiikuta imekatika, umepata kilichokufa lakini hujapata muuaji. Fyuzi ya joto hukatika kwa sababu: thamostati iliyong'ang'ania, volti kubwa kupita kiasi, au thamostati iliyolegea skrubu ikawa haisikii joto halisi la bloku. Ukibadilisha fyuzi bila kutafuta sababu, utaibadilisha tena.

Na usiiruke kwa waya. Nimeona mashine zilizofanyiwa hivyo zikiuzwa kama "zimefanyiwa sevisi". Hita isiyo na thamostati wala fyuzi ya joto haina mahali pa kusimama, na imewekwa nyuma ya mapazia ya shifoni, chini ya maua ya plastiki, kwenye ukumbi wenye watu mia kadhaa.

Fyuzi mpya iwe na nyuzi zilezile na ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Kuifunga nako kuna utaalamu wake. Ukiichomea kwa solda, joto la kisu cha solda linaweza kuikata kabla hujamaliza. Hata ukifanikiwa, solda ya kawaida yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, na bloku inapita hapo kila siku, kwa hiyo kiungo chako kitadondoka. Tumia vibano vya chuma vya kuminya kwa koleo. Nyaya zinazokaribia bloku ziwe za silikoni au zilizofumwa kwa nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumbani unalainika na kuyeyuka. Ukifungua thamostati, safisha uso wake na wa bloku, paka grisi nyembamba ya kupitisha joto inayostahimili nyuzi hizo, kisha kaza.

Kuna mashine ambayo kila kitu chake kinapima vizuri lakini ukiichomeka breka ya kinga ya ethi inaanguka. Koili ya hita imezungushiwa unga wa magnesiamu oksaidi unaoizuia isigusane na chuma, na unga huo hunyonya unyevu. Mashine iliyolala stoo miezi mingi Tanga au Mombasa, au iliyosafiri kwenye kontena, inaweza kuvujisha umeme kidogo kwenda kwenye kasha. Breka ya miliampea 30 inaona na kukata, na imefanya kazi yake. Suluhisho linaloonekana mitaani ni kukata waya wa ethi. Breka haianguki tena, na sasa kasha lenyewe lina umeme. Dawa ya kweli ni kuitoa bloku, kuichomolea nyaya, thamostati na fyuzi ya joto, na kuikausha kwenye oveni ya joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa, kisha fundi umeme aipime kwa mega (kipima uvujaji wa umeme). Kama bado inavuja, bloku hiyo imeisha.

Njia iliyoziba

Mashine ya mtumba imelala. Mwenye nayo wa kwanza aliiweka kabatini ikiwa na maji ya moshi tangini, maji yakakauka, kilichobaki kikawa utomvu wa kunata. Ongeza chumvi za maji ya kisima ambayo mtu fulani aliyatumia kuzimua maji ya moshi ili kupunguza gharama, na kile kibomba cha ndani ya bloku kinakuwa mshipa wa mtu mzima aliyekula mafuta maisha yake yote. Hakifunguliwi, kimezikwa ndani ya alumini. Lazima kisafishwe kwa kupitisha kitu ndani.

Kifaa bora cha uchunguzi hapa ni bomba la sindano la mililita 20, bila sindano, la dukani kwa dawa. Mashine ikiwa imechomolewa na imepoa, toa mrija unaoingia kwenye bloku, unganisha bomba la sindano kwa kipande cha mrija laini, na sukuma maji taratibu. Kama yanatoka mbele bila shida, bloku iko wazi na unaweza kuhamia kwenye pampu. Kama bomba linagoma, umepata ugonjwa.

Fungua kwanza tundu la mbele, mara nyingi ni skrubu ya shaba yenye kijitundu katikati. Huenda uzibe wote uko hapo. Uzi wa gitaa au waya mwembamba wa chuma unapita, ila baridi tu. Usichokonoe mashine ya moto, kwa sababu nyuma ya uzibe kuna mvuke unaosubiri kukurukia usoni. Kwa sababu hiyohiyo usipulizie kompresa ya gereji kwenye bloku yenye joto.

Kwa uzibe wa ndani, changanya siki nyeupe sehemu moja na maji yaliyosafishwa sehemu nne, yapashe moto yawe ya vuguvugu, yasukume ndani, yaache saa moja hivi, yatoe, rudia. Maji yaliyosafishwa yanapatikana kila kituo cha mafuta kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hilohilo na chupa zake zinafanana. Njia ikifunguka, unganisha mashine, weka mchanganyiko uleule tangini, ipashe joto na bonyeza kwa vipande vifupi nje ya nyumba. Usisimame mbele yake. Itatema, itatoa mvuke wa kuchoma macho, na pengine vipande vya kahawia. Kikitoka kisafi, badilisha uweke maji yaliyosafishwa matupu mpaka harufu ya siki iishe, kisha maji ya moshi ya kweli. Siki isilale ndani ya mashine, inakula shaba na mpira.

Ukiona vipande vyeusi kama masizi, siki haitasaidia sana. Hiyo ni kaboni ya kitu kilichoungua ndani: mafuta, sukari, rangi, au manukato ambayo mtu aliona yangeupa ukumbi harufu nzuri.

Sasa pampu

Pampu yenyewe ni kifaa rahisi: pistoni ya chuma ndani ya koili, na springi. Dayodi inaruhusu nusu tu ya kila wimbi la umeme, koili inavuta pistoni, wimbi likikatika springi inairudisha. Kwa umeme wetu hiyo ni mara 50 kwa sekunde, na ndiyo ile sauti ya kutetemeka.

Dayodi hiyo imewadanganya wengi. Ukipima koili kwa mita upande wa omu, mita inaweza kuonyesha imekatika, kwa sababu volti ndogo ya mita haiwezi kufungua dayodi. Weka mita upande wa dayodi, pima, geuza nyaya, pima tena. Ikisoma upande mmoja na kukataa upande mwingine, koili ni nzima. Pampu nyingi zimetupwa kwa kosa hilo.

Pampu inayolia bila kuvuta mara nyingi imeshika hewa au imeganda kwa utomvu. Kwa kuwa ina vali za upande mmoja, unganisha bomba la sindano upande wa kutokea na uvute: maji yaje kutoka tangini. Yasipokuja, angalia kwanza chujio la chini ya tangi na nyufa za mrija, kwa sababu mrija wenye ufa huvuta hewa badala ya maji. Kisha sukumia maji ya vuguvugu ndani ya pampu upande wa kuingilia, gongagonga ubavu wake kwa mpini wa bisibisi, iache iloweke, rudia. Pampu haipendi kukimbia kavu. Maji yanayopita ndiyo yanayoipoza. Tangi tupu usiku mmoja linatosha kuipika.

Ikibidi kununua nyingine, utaambiwa kwamba pampu za mashine za kahawa ya espresso ni za aina hiyohiyo. Kwa muundo ni kweli. Kwa nguvu si lazima. Pampu ya kahawa ya wati 48 ukiifunga kwenye mashine ya moshi ya wati 400 itamwaga maji mengi kuliko bloku inavyoweza kugeuza, na utapata mashine ya kutema matone. Linganisha wati za pampu ya zamani na volti zake, na uwe karibu nazo.

Rimoti ya waya ya mashine za bei rahisi mara nyingi imebeba umeme wa ukutani moja kwa moja hadi kwenye kitufe, si volti ndogo za betri. Kasha lake likipasuka, usilifunge kwa selotepu. Waya wake hukanyagwa na stendi za spika, kwa hiyo ikunje hapa na pale huku mita ikiwa imeunganishwa na plagi ya rimoti ikiwa imechomolewa. Zile zisizo na waya, badilisha betri kabla ya kufungua chochote. Unacheka, lakini fundi anajua.

Unachomimina tangini

Mashine ikishapona, kinachoamua kama itarudi kwako ni kilichomo tangini. Glisirini ya duka la dawa na maji hutoa moshi, na watu wanaichanganya nyumbani. Shida ni kwamba glisirini ikipashwa kupita kiasi huvunjika na kutoa akrolini, gesi inayowasha macho na koo hata ikiwa kidogo sana. Kwenye mashine nzima yenye thamostati sahihi hatari ni ndogo. Kwenye mtumba ambao thamostati yake hujaipima ni kubwa. Mafuta ya aina yoyote, pombe, udi wa maji na rangi ya chakula visiingie. Pombe na mafuta vinaweza kuwaka, na vingine vinaacha kaboni.

Hata maji halali yana kikomo. Uchunguzi uliofanywa kwa waigizaji wa Broadway, New York, uliochapishwa mwaka 2000, ulihusisha kukaa kwenye viwango vikubwa vya glaikoli na miwasho ya koo na njia za hewa, na ukapendekeza isizidi miligramu 40 kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Hakuna anayepima hilo kwenye sherehe ya send-off, ila MC mwenye pumu anajua. Usielekeze tundu kwenye meza ya wazee. Na kama ukumbi una vitambua moshi darini, ongea na mwenye ukumbi kabla, kwa sababu vile vinavyotumia mwanga haviwezi kutofautisha wingu lako na moto.

Mteja anayetaka wingu zito linalotambaa sakafuni, maharusi wakicheza kama wako angani, haelezi mashine hii. Wingu hilo kwa kawaida hutokana na barafu kavu, ile ya nyuzi 78 chini ya sifuri, inayotumbukizwa kwenye maji ya moto. Moshi wa mashine ya hita unatoka ukiwa na joto na unapanda. Hakuna fundi atakayeurekebisha ulale chini bila kuupoza.

Kuna mashine zisizostahili kuokolewa. Bloku inayovuja umeme baada ya kukaushwa, bloku yenye koili iliyokatika, au kibomba kilichopasuka ndani ya alumini na kutoa mvuke ubavuni: hizo hazina dawa isipokuwa bloku nyingine, na bloku mpya pamoja na nauli mara nyingi hukaribia bei ya mashine nzima. Usiitupe yote, hata hivyo. Toa pampu, tangi, chujio, rimoti na kasha. Mashine ndogo za viwanda tofauti hutumia vipuri vinavyofanana kwa kiasi cha kushangaza, na mtumba utakaoletewa wiki ijayo huenda una bloku nzima na pampu iliyokufa.